Madoa ya maji ya chumvi kwenye rangi ya gari: namna ya kuyatoa bila kuimaliza klia

Gari langu ni jeusi, na maji ya nyumba ninayokaa yanatoka kwenye kisima kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, upande wa baharini wa Dar es Salaam. Mwenye uzoefu na mambo hayo mawili ameshajua kilichonikuta. Miezi minne ya mwanzo nililiosha kila Jumamosi asubuhi kwa mpira, nikaliacha likauke lenyewe juani huku nakunywa chai barazani, nikijihesabu mtunzaji hodari. Siku moja nikaliona limeegeshwa ubavuni mwa gari jingine jeusi. Lile la mwenzangu lilikuwa jeusi. Langu lilikuwa na viduara vyeupe kuanzia boneti hadi buti, kama kitako cha birika la zamani.

Nikalipeleka mahali pa kuoshea magari. Kijana akapitisha kidole, akacheka: "Bosi, hii chumvi tu. Dakika kumi imekwisha." Akachukua chupa isiyo na lebo, akamwagia kwenye sponji. Madoa yakatoka kweli, tena upesi. Ila harufu niliitambua: ilikuwa dawa ya kusafishia choo. Vipande vya kromu vinavyozunguka madirisha vikapoteza mng'ao siku ileile, na kwenye boneti yakabaki mabaka matatu yenye ukungu ambayo yapo mpaka leo. Mahali penyewe sipataji, maana mimi nilikuwa nimesimama palepale nikitazama, mikono mfukoni.

Tangu hapo nimesafisha gari hilo, la shemeji yangu, na mengine kadhaa ya majirani, na nimejifunza kwamba kazi hii yote inashikiliwa na utaratibu mmoja: anza na kitu dhaifu kabisa, na usipande ngazi mpaka uone kimeshindwa. Sababu ni klia. Hiyo ndiyo tabaka ya juu kabisa ya rangi ya gari, ile isiyo na rangi, inayotoa mng'ao. Unene wake kwa magari mengi ni kama mikroni 35 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Kila ukipiga polishi unakwangua sehemu yake. Chokaa ukiitoa leo kesho itarudi. Klia ukiitoa hairudi.

Doa lenyewe ni nini

Maji ya mvua yanapopenya ardhini hubeba gesi ya kaboni dioksidi, na hiyo huyafanya kuwa na uchachu kidogo. Yakipita kwenye jiwe la chokaa au matumbawe, huyeyusha kalsiamu na magnesiamu na kutembea nazo. Ndiyo yale maji ambayo sabuni haitoi povu. Tone likikauka juu ya boneti, maji huondoka, gesi huondoka, kinachobaki ni chokaa. Ni kitu kilekile kinachoganda ndani ya birika na kuziba matundu ya bomba la mvua bafuni.

Kisima kilicho karibu na bahari huongeza chumvi ya kawaida, ile ya mezani. Hiyo haina tabu, maji matamu yanaiyeyusha. Watu wanapoita doa lote "chumvi" ndipo wanapokosea dawa: wanamwaga maji mengi, sehemu ya chumvi inatoka, chokaa inabaki, wanadhani rangi imeharibika.

Kuna na hadithi kwamba tone la maji hufanya kazi kama kioo cha kukuzia, likakusanya jua na kuchoma rangi. Si kweli. Tone lililolala juu ya bati linakusanya mwanga chini zaidi ya pale rangi ilipo. Kinachodhuru ni madini yanayozidi kukolea kadiri tone linavyokauka, juu ya bati ambalo saa saba mchana huwezi kuliwekea kiganja ukahesabu hadi tano. Klia ikipata moto hulainika, na madini hayo huila. Ndiyo maana doa la Jumamosi iliyopita hutoka kwa kufuta, na la miezi sita linaacha alama hata chokaa yenyewe ikishaondoka.

Yajue maji yako

Kabla ya kununua chochote, chukua kioo au sahani nyeusi. Weka tone la maji ya bombani, pembeni yake tone la maji ya kunywa ya chupa, na la tatu la maji ya mvua kama unayo. Acha usiku kucha. Asubuhi utaona mwenyewe ni lipi limeacha duara jeupe na ni lipi limeondoka bila kuaga.

Hali inatofautiana sana kati ya mji na mji. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, maji ya milimani, na Mwanza hutumia ya Ziwa Victoria. Huko tatizo si kubwa mpaka mtu achimbe kisima. Dodoma kwa miaka mingi imetegemea visima vya Makutupora. Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya matumbawe, na kila kisima cha huko kina habari yake. Hapa Dar, maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka mto Ruvu huacha alama hafifu kwenye gari langu. Ya kisima huacha plasta.

Usisahau vyanzo ambavyo havitoki kwenye ndoo. Mpira wa kumwagilia bustani ukirusha matone kwenye gari kila jioni unafanya kazi mbaya kuliko mwoshaji yeyote. Na ukiegesha chini ya jengo, tazama dari: maji yanayochuruzika kutoka kwenye nyufa za zege yamejaa chokaa kali, na michirizi yake nyeupe hushika rangi upesi mno. Hiyo isisubiri Jumamosi.

Vitu vya kuandaa

Chupa ya siki nyeupe, ile ya dukani ya asilimia 5. Bei yake haifiki ya sahani ya chipsi mayai. Shampuu ya gari. Ndoo mbili. Taulo za maikrofaiba zisizopungua sita, na mojawapo iwe kubwa ya kukaushia. Glavu za mpira. Tochi, au taa ya simu. Kipande cha klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Polishi laini, na waksi. Klei na polishi usivinunue kwanza. Huenda siki ikamaliza kazi.

Ukikosa siki, unga wa ndimu unafaa, ule mweupe unaotiwa kwenye achari na juisi. Vijiko viwili vya chai kwenye nusu lita ya maji vinatosha. Ndimu yenyewe pia ina asidi hiyohiyo, ila majimaji yake yana sukari na nyuzi, na nguvu yake hubadilika kwa kila tunda. Ibaki kwa samaki.

Osha kwanza, tena kivulini

Alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Gusa bati kwa mgongo wa mkono. Likiwa na joto, subiri. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayogeuza dawa kuwa sumu, kwa sababu siki ikikaukia kwenye bati la moto inaacha alama zake yenyewe.

Suuza vumbi lote kwa maji mengi, halafu osha kwa shampuu: ndoo moja ya povu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza upande. Anza na paa, shuka na boneti, milango, na mwisho sehemu za chini ambako kuna mchanga. Ukiruka hatua hii, mchanga huo ndio utakaokuwa unausugua na siki baadaye, na utakuwa umebadilisha madoa kwa mikwaruzo. Dodoki na brashi ya nguo viache bafuni.

Kausha kabisa. Doa la chokaa halionekani gari likiwa limelowa, linajificha ndani ya maji. Watu wengi huosha, wakaona gari linang'aa, wakashangilia, na baada ya nusu saa viduara vimerudi vilevile.

Sasa tazama doa lako ni la daraja gani

Zima taa za nje, washa tochi, ilaze karibu na bati ili mwanga upite kwa mshazari. Kisha chukua mfuko mwembamba wa nailoni. Najua mifuko ilipigwa marufuku hapa nchini mwaka 2019, lakini kifungashio cha mkate kinafaa. Uvae mkononi kama glavu, upitishe vidole taratibu juu ya doa. Nailoni huongeza hisia ya vidole kwa namna ya ajabu: bati uliloliona laini kabisa litakuwa kama msasa.

Ukisikia vipele, na kwenye tochi unaona ukungu mweupe uliokaa juu, hiyo ni chokaa bado iko nje. Siki inatosha.

Ukisikia vipele, umeshapaka siki mara tatu na bado vipo, basi kuna madini ambayo siki haiyawezi. Silika na jasi haziyeyuki kwa asidi dhaifu. Hapo klei, kisha polishi.

Usiposikia kitu, bati ni laini, lakini kwenye tochi unaona duara lenye ukingo, kama alama ya kikombe mezani, hiyo ni klia iliyoliwa. Shimo lenyewe ni dogo mno, ukucha hauwezi kulisikia. Hakuna kimiminika kitakachoondoa shimo. Unaweza kumwaga siki ndoo nzima, shimo halitoki, kwa kuwa hakuna kitu pale cha kutoka.

Gari moja linaweza kuwa na madaraja yote matatu. Kwenye langu, milango ilikuwa ya kwanza, paa la pili, boneti la tatu, kwa sababu boneti hupikwa na jua kwa juu na injini kwa chini.

Siki, polepole

Changanya siki na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, mathalani chini ya mlango wa nyuma. Pulizia, hesabu dakika moja, futa, suuza, kausha, tazama kwa tochi. Hakuna mabadiliko ya rangi? Endelea.

Fanya kipande kimoja kwa wakati: nusu ya boneti, au mlango mmoja. Usipulizie gari zima ukaanza kukimbizana nalo. Kwa madoa ya kawaida, pulizia moja kwa moja. Kwa yaliyoshika, lowesha taulo ya maikrofaiba kwenye mchanganyiko, ikamue kidogo isichuruzike, ilaze juu ya doa na uiache dakika moja hadi mbili. Isikauke. Ukiweka sikio karibu na doa nene, hasa kwenye kingo za namba ya gari ambako maji hutuama, utasikia mchakacho mdogo sana, kama soda iliyokaribia kwisha gesi. Ni chokaa inageuka kuwa chumvi inayoyeyuka, na kaboni dioksidi inatoka, gesi ya aina ileile iliyoingia kwenye maji huko ardhini.

Futa kwa upande mmoja, bila kukandamiza. Usisugue kwa duara. Geuza taulo kila mara upate upande safi, kwa kuwa chokaa uliyoitoa ni chembe ngumu. Suuza kwa maji mengi, kausha, tazama tena kwa tochi. Kama limepungua lakini halijaisha, rudia. Mara tatu ni kikomo changu. Doa lisilopungua kabisa kwenye mara ya tatu halitapungua kwenye ya nane.

Ukimaliza gari zima, lioshe tena kwa shampuu ili siki isibaki kwenye mipira ya madirisha na kwenye maungio ya bati. Siki imevua pia waksi yote iliyokuwepo, kwa hiyo usiliache uchi wiki mbili ukisema utapaka baadaye.

Mambo matatu ya kuangalia. Siki inakula saruji na marumaru, kwa hiyo usifanye kazi hii juu ya sakafu ya terazo ya mwenye nyumba. Usiiache ikae kwenye alumini isiyopakwa rangi. Na usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, wala usitumie ndoo iliyokuwa na dawa hiyo bila kuiosha: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu.

Madukani zipo dawa maalumu za kuondoa madoa ya maji. Nyingi ni asidi pia, zilizopimwa vizuri na kutiwa vilainishi, na zinafaa. Soma lebo. Ukikuta neno lolote lenye "floraidi" au "haidrofloriki", irudishe kwenye rafu. Asidi ya jamii hiyo hula vioo, hupenya ngozi bila kuuma mwanzoni, na imewahi kuua watu. Hakuna gari la thamani hiyo.

Klei

Hii ni ya vipele vilivyoikataa siki. Kata kipande cha ukubwa wa andazi dogo, kikande mpaka kilainike, kibonyeze kiwe bapa. Nyunyizia bati maji ya shampuu kwa wingi, kisha teleza na klei mbele na nyuma, bila nguvu, kama unayelainisha shuka kitandani. Mwanzo utaisikia ikikwaruza na kushika. Baada ya mapito kadhaa sauti inakwisha na mkono unaanza kuteleza wenyewe. Hapo pametosha, hamia pengine.

Ikunje klei kila baada ya kipande kimoja ili upate uso mpya. Ikidondoka chini, itupe. Hata ukiiosha, itupe. Imeshabeba mchanga usioweza kuutoa. Mimi niliwahi kuihurumia, nikaisuuza na kuendelea, na mlango wa dereva ukapata mistari niliyoihangaikia Jumapili nzima.

Klei huacha ukungu mdogo kwenye rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ni kawaida, polishi itauondoa. Kwenye nyeupe na fedha hutauona kabisa.

Polishi, na hapa ndipo pa kutuliza mikono

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Maana yake ni kwamba hujui limepigwa polishi mara ngapi kabla halijapanda meli, wala kama mlango fulani ulipakwa rangi upya. Fundi rangi mwenye kifaa cha kupima unene anaweza kukuambia kwa dakika tano. Jumla ya tabaka zote, kutoka bati hadi juu, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150. Ukikuta paneli moja inasoma 250 na nyingine zote 110, hiyo moja imepakwa upya. Ukikuta 70 au 80, usiiguse kwa mashine.

Anza kwa mkono. Weka polishi laini, matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere, kwenye sponji yake, na fanya eneo la sentimita 40 kwa 40. Mapito ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, kwa nguvu ya wastani, dakika mbili hadi tatu. Futa, tazama. Madoa yaliyoliwa kijuujuu yatapotea. Mkono unachosha, nakiri, lakini si rahisi mkono kutoboa klia, na mashine inaweza.

Kama mkono umeshindwa, ndipo mashine. Iwe ile inayozunguka huku ikitikisika, si ile ya fundi chuma inayozunguka tu kwa kasi. Hiyo ya pili ikikaa mahali pamoja sekunde chache kwenye ukingo wa boneti, inafika kwenye rangi, na hapo unaanza kuulizia bei ya kupaka upya. Kwenye kingo na mikunjo klia huwa nyembamba zaidi. Bandika tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Pedi laini na polishi laini kwanza. Kompaundi ya kukata, ile nzito inayonuka petroli, iwe ya mwisho kabisa, kwenye doa tu, si kwenye gari zima.

Sijui kwa nini mafundi wetu hupenda kuanza na kompaundi. Nadhani ni kwa sababu mteja amesimama pale anataka kuona tofauti sasa hivi, na kompaundi inaonyesha tofauti sasa hivi. Ukimpelekea fundi gari, mwambie wazi: "Anza na laini, kwenye kipande kimoja, niite nione." Akikataa, usigombane naye, washa gari.

Yasiyotoka

Yapo. Duara lililokula zaidi ya nusu ya klia halitolewi na polishi salama. Fundi rangi mzuri anaweza kulisawazisha kwa msasa wa maji wa namba 2000, kisha 3000, kisha kompaundi, kisha polishi, lakini hiyo ni kupunguza klia ya pembeni ifike kina cha shimo. Kwa gari la miaka mitatu lenye klia ya kutosha, sawa. Kwa langu nilikataa. Mabaka yangu matatu ya boneti yanaonekana kwa tochi na jua la saa kumi tu, na nimeamua kuishi nayo kuliko kuishi na boneti inayobabuka.

Vioo, taa na plastiki

Kioo kinavumilia kuliko rangi. Tumia siki isiyochanganywa na maji: lowesha karatasi laini za chooni, zibandike kwenye kioo, ziache dakika kumi, futa. Kwa yaliyobaki, steliwuli laini kuliko zote, iliyoandikwa sifuri nne, pamoja na siki, inafaa kwenye kioo tu, tena upande wa nje. Ya kuoshea sufuria si hiyo. Kioo cha mbele kikiwa na viduara, usiku taa za lori linalokuja hupasuka na kuwa nyota mbele ya macho yako, kwa hiyo anzia hapo kama huna muda wa kufanya gari zima. Safisha pia mipira ya waipa, maana chokaa iliyoshika humo inachora kioo kila mvua inaponyesha.

Taa za mbele ni plastiki yenye tabaka yake ya kinga. Siki ya nusu kwa nusu basi, hakuna steliwuli. Plastiki nyeusi za bampa zioshe kwa siki, lakini zisiguswe na polishi wala waksi, maana huacha weupe usiotoka kirahisi.

Dawa za mtaani

Mafuta ya taa au dizeli kwenye kitambaa: madoa yanatoweka siku hiyo, kwa kuwa mafuta yamejaza viduara na kuvificha. Kesho vumbi lote la barabara limenasa. Dawa ya meno ni kikwaruzo kisichopimwa, inafanya kazi ya polishi vibaya. Soda ya kola ina asidi kweli, ila ina na sukari, na sisimizi watakuja kukuuliza. Maji ya betri ni asidi ya salfa; anayekushauri hilo hakupendi. Na dawa ya choo nimeshaeleza.

Baada ya hapo ni kukausha

Paka waksi ndani ya siku ileile. Itakaa mwezi mmoja hadi mitatu, ikitegemea jua na idadi ya kuosha. Lakini usiitegemee kuzuia madoa. Waksi nzuri inayakusanya maji yawe shanga za duara, watu wanapiga picha, na kila shanga ikikauka inaacha chokaa yote mahali pamoja, nukta nzito. Faida ya waksi ni kwamba chokaa inaganda juu yake badala ya kushika klia, na unapata siku kadhaa za kuiwahi.

Siri yangu kubwa haina gharama. Kiyoyozi cha sebuleni kinadondosha maji nje siku nzima, na hewa ya Dar ilivyo na unyevu, ndoo ya lita 20 inajaa upesi. Maji hayo yametoka hewani, hayakupita kwenye jiwe lolote, kwa hiyo madini yake ni machache mno. Si ya kunywa. Nayachuja kwa kitambaa, na baada ya kuosha gari kwa kisima nasuuza mara ya mwisho kwa kiyoyozi, nikimimina taratibu kutoka paani kwa kopo, yashuke kama shuka moja na kusukuma ya kisima yaende chini. Maji ya mvua kutoka kwenye tangi safi yanafanya kazi hiyohiyo. Mtambo wa kulainishia maji wa nyumbani unasaidia pia, ingawa wenyewe hauondoi madini yote, unabadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Madoa yatabaki, ila yatafutika kwa kitambaa chenye maji.

Kisha kausha mara moja, usiende kulikausha kwa upepo wa barabarani. Tandaza taulo kubwa juu ya paa, ivute kuelekea kwako bila kusugua, ikamue, hamia boneti, halafu vioo, milango, buti. Ukidhani umemaliza, fungua milango yote na mfuniko wa tangi la mafuta, ufute kingo za ndani. Kunja saidi mira, piga kofi mbili nyuma yake, subiri. Maji yaliyojificha humo yatatoka baada ya dakika tano na kuchora mstari mweupe kwenye mlango uliokwisha kuukausha, na ukishamaliza chai yako utakuta limekwishakauka. Bakiza taulo moja kavu begani.